Kasuku wa Kijivu Kwenye Bariere

Naona haya mpaka leo kusimulia jambo hili, lakini kwa vile watu wa soko bado wananiita Mama-Nakufa, afadhali mlisikie kwangu mwenyewe.

Nilikuwa na duka la chumvi na sabuni katika komini moja ya mji wa Kisangani, nikataka ndege wa kuita wateja (sisi watu wa Butembo kwa biashara hatujui aibu). Papa mmoja, mzee wa Yanonge aliyeuza ndege kando ya mto, akanionyesha wawili: kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, na wa kijani mwenye paji la rangi ya machungwa. "Huyu wa kijivu iko na kinywa, anashika yote," akasema. "Wa kijani anapiga tu muluzi, lakini utalala muzuri." Mimi na ujuaji wangu nikachukua mwenye kinywa.

Mwezi haukuisha, majeshi mawili ya kigeni yakaanza kurushiana mabomu juu ya mapaa yetu, na siku hizo zote mimi na mama tulilala chini ya kitanda, kizimba cha kasuku katikati yetu kimefunikwa kitenge. Niliogopa, sifichi.

Mabomu yaliponyamaza, kasuku akaanza yeye: filimbi ya bomu linaloshuka, ileile. Wateja wakawa wanajitupa sakafuni dukani kwangu. "Mutoto wangu," mama akasema, "rudisha hii ndege, ulete ile ya kijani." Nikamfunika kasuku kitenge ili anyamaze njiani (hapo ndipo nilipojiponza), nikashika njia ya mto.

Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, kulikuwa na askari wanne na foleni ya akina mama wauza chikwange, ile mikate ya muhogo. Kamanda akauliza, "Iko nini mule?" Kabla sijajibu, kasuku, ambaye giza la kitenge alilijua maana yake, akapiga filimbi.

Askari wote chini, kwenye matope. Akina mama chini. Na mimi, mwenye ndege, chini pia.

Kamanda aliinuka wa kwanza, matope mpaka kwenye masharubu, akaniwekea bunduki shingoni. "Unatucheka?" Nilijua nakufa pale pale, na nikasikia suruali inalowa. Ndipo kasuku akaendelea kama alivyojifunza chini ya kitanda, kwa sauti yangu kabisa, ya kilio: "Mama, nakufa. Mama, unishike mukono." Kisha kwa sauti ya mama: "Niko hapa, mutoto wangu."

Mama mmoja wa chikwange akaanza kucheka, foleni nzima ikafuata. Kamanda akatazama kizimba, akatazama suruali yangu. "Ule anayelia iko wewe?"

"Iko mimi, chef."

Akashusha bunduki, anacheka mpaka machozi. "Enda kwa mama yako."

Nilimbadilisha siku hiyohiyo, nikaapa sitafuga tena ndege anayesema. Wa kijani nimekaa naye miaka, hajanitia aibu hata mara moja. Ila wiki tuliyomzika mama, nilirudi kando ya mto kumuulizia yule wa kijivu. Papa wa Yanonge akaniambia alishamuuza zamani, na mnunuzi hamjui.