Lango la Kioo Liliponikataa

Picha ya pasipoti nilipigwa nikiwa na shavu zima. Miezi michache baadaye, mdogo wa marehemu mume wangu alinikuta kwenye kibanja chetu, shamba letu la migomba huko Kanazi, asubuhi, nikitandaza nyasi mashinani.

"Ondoka kwenye ardhi ya baba yangu," alisema.

"Kaka yako aliniacha hapa, shemeji, na hapa nitabaki."

Alikuwa na panga. Pigo la kwanza lilinipasua kutoka sikioni hadi kidevuni. Nilisikia mfupa wa taya ukivunjika kabla ya kusikia maumivu. La pili nililikinga kwa mkono. Nikamtupia jembe, likampata gotini, akaanguka, nami nikapiga yowe. Majirani walikuja na fimbo na mawe. Walimpiga mpaka akaacha kulia. Nilikuwa nimekaa kwenye damu yangu, najaribu kusema, "Waitu, jamani, mwacheni," lakini mdomo haukunitii.

Hakufa. Yeye alipelekwa jela, mimi nikashonwa hospitalini Bukoba, taya ikafungwa kwa waya.

Nilipopona, binti yangu, muuguzi huko Uarabuni, alijifungua akaniita nikamsaidie. Niliposhuka kule, uwanja wa ndege hapakuwa na mtu wa kukagua pasipoti, ila milango midogo ya kioo. Niliweka pasipoti kama wenzangu walivyofanya, mlango ukafunguka, nikaingia, ukajifunga nyuma yangu. Kamera ilinitazama. Taa nyekundu ikawaka. Mlango wa mbele ukagoma, na wa nyuma nao ukagoma.

Nilikipiga kioo kwa ngumi, kisha kwa bega. Kengele ikalia. Askari alifungua kwa nyuma akanikamata mkono, ule ule wenye kovu. Sikufikiri. Niligeuka nikampiga kichwa usoni, damu ikamtoka puani. Wenzake wawili wakanibwaga, goti la mmoja mgongoni, taya yangu ikisagwa sakafuni, abiria wakitupiga picha kwa simu.

Walinipeleka chumbani nikiwa na pingu. Binti yangu, aliyekuwa akinisubiri nje, aliitwa, akaingia na mtoto kifuani. Ofisa mmoja mwanamke alishika pasipoti karibu na uso wangu, akatazama picha kisha shavu langu, akasema neno.

"Mama, anauliza nani alikukata."

"Mwambie ni shemeji yangu."

Yule ofisa alinifungua pingu mwenyewe, akagonga muhuri.

Askari niliyempiga alikuwa ameketi pembeni, pamba puani. Nilimwomba radhi kwa Kihaya. Kiswahili kilikuwa kimenitoka chote. Naye hakunishtaki.

"Wangekuua, mama," binti yangu alisema kwenye teksi.

Aliniwekea mjukuu mapajani. Nilimbana mno kifuani hata mtoto akaanza kulia, binti yangu akamchukua tena, akanishika goti, tukaenda hivyo hadi nyumbani kwake.