Halbadiri ya Mama Mdogo

Mama mdogo alikuwa mtu wa kucheka pasipochekwa, na hilo ndilo lililomponza.

Alikuwa mdogo wake mama, mjane asiye na mtoto, akikaa nasi mtaa wa Malindi, huku visiwani. Siku ya sinema ya wanawake peke yao tulikwenda karibu mtaa mzima, na mabuibui yetu na njugu zetu. Filamu ilikuwa ya Kizungu: kijiji cha ukungu, padri mwenye uso mkavu, na kikongwe aliyefungwa mtini achomwe kwa uchawi. Kiingereza hatukukijua, lakini moto hauhitaji mkalimani. Wanawake walilia. Mama mdogo akasema kwa sauti, "Mchawi gani huyo wa kufungwa kamba akakaa? Mchawi wa kweli keshapaa zamani."

Ukumbi wote ukacheka. Tulirudi nyumbani tukicheka bado.

Mwezi haukwisha, mtoto wa jirani akashikwa na homa, akafa. Miaka ile, baada ya mapinduzi, mtu alichunga ulimi hata chumbani mwake. Serikali haikusemwa, akabaki jirani wa kusemwa. Kwenye foleni ya mchele nikawasikia wakiulizana: yeye alijuaje kwamba mchawi wa kweli hupaa?

Mama wa marehemu akataka isomwe halbadiri, kile kisomo cha kumshitaki kwa Mungu mbaya wako usiyemjua, ambacho watu husema humshika mwenye hatia popote alipo. Mama mdogo alikuwa na maradhi ya moyo, na miguu ilikuwa imemvimba tangu Ramadhani. Mama yangu akamsihi abaki nyumbani.

"Nnakwenda, dada. Nisipokwenda watasema nimeogopa."

"Na ukianguka huko?"

"Nikianguka, nimeanguka mbele ya Mungu."

Hakuanguka. Alikaa mpaka dua ya mwisho, akaitikia amina kuliko wote, akarudi kwa miguu yake mwenyewe. Siku chache baadaye alishindwa kuinuka kitandani. Imemshika, walisema, na mtaa ukapumua. Hata kikombe cha uji hakikuvuka kizingiti chetu. Niliwachukia watu wale, na radhi yangu hawana mpaka leo.

Alipokufa, wanaume walikuja kuzika, maana jeneza haliachwi. Waosha maiti hawakuja. Tukamwosha wenyewe, mama na mimi. Mama ndiye aliyemtetea siku zote, aliyegombana na watu bombani kwa ajili yake mpaka sauti ikamkauka. Nikawa namimina maji, yeye anaosha. Nikamwona anapitisha vidole kiunoni mwa mdogo wake, akarudia, kisha makwapani, kisha akazifumua nywele na kuzipekua moja moja kama anayetafuta chawa.

"Unatafuta nini, mama?"

Hakuniangalia.

"Hirizi," akasema. "Mimina maji."