Daktari aliyepanga foleni kwa mwenzake

Kabla ya kumpima mtoto homa, daktari anauliza kama bibi yake amepata usingizi. Mama wa mtoto anajibu, na maongezi yanahamia kwa shemeji mwenye pumu. Kwenye benchi nje hakuna anayenung'unika. Wote wanajua zamu yao ikifika nao wataulizwa habari za nyumba nzima.

Huyu ni daktari wa familia, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima unamwita Dokta Nipo, kwa kuwa ndivyo anavyopokea simu, hata akiwa anakula. Zahanati yake ni vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kwa miaka kumi na tisa ameiendesha peke yake, bila likizo, na sehemu kubwa ya mapato huishia kwenye kodi na dawa.

Mwaka jana ulipoletwa mpango wa huduma za afya za mtaa, aliukataa katakata. Zahanati tatu zilitakiwa kufanya kazi kama timu moja: kupokea wagonjwa wa wote, kupokezana zamu, na kuwa na muuguzi wa kuzungukia majumbani.

"Niliona wananinyang'anya watu wangu," anasema.

Lakini mwili ulikuwa umeshachoka, na alijua fika kwamba mpango ukishindikana atafunga zahanati. Akakubali kwa shingo upande.

Balaa lilianza siku yake ya kwanza ya mapumziko. Wagonjwa walikwenda kwa daktari mwenzake, mtaa wa pili, kama walivyoagizwa. Wakaketi, wakasalimia vizuri, wakaulizwa wanasumbuliwa na nini. Wakajibu kuwa hawajambo.

Daktari yule, kijana mpole, alidhani ana bahati ya kupata wagonjwa wazima. Kumbe watu walimwonea haya Dokta Nipo. Kumweleza mwingine maradhi yao waliona ni kumsaliti. Seremala mmoja mwenye kisukari alirudi nyumbani na kidonda mguuni bila kukitaja. Muuguzi wa timu ndiye aliyekiona alipomtembelea, kikiwa kimeanza kutoa usaha.

"Mguu umepona, namshukuru Mungu," anasema seremala. "Ila Dokta alinigombeza kama mtoto wake."

Kugombeza peke yake kusingetosha, naye alilijua hilo. Asubuhi moja alifunga chumba chake, akaenda kuketi kwenye benchi la mwenzake, katikati ya wagonjwa wake mwenyewe, akasubiri zamu. Alipoitwa, aliacha mlango wazi kidogo ili wamsikie akilalamikia kichwa na kizunguzungu.

Hakuwa akiigiza sana. Alipopimwa, presha ilikuwa juu kiasi cha kumtisha kijana wa watu.

"Nilikwenda kuwaonyesha wagonjwa wangu njia, kumbe mgonjwa ni mimi," anasema, na machozi yanamlengalenga. "Miaka yote hiyo hakuna aliyenipima. Nawashukuru wale wawili, kijana na muuguzi, kutoka moyoni."

Tangu siku hiyo wagonjwa wanaeleza shida zao, wengine hadi za majirani. Zahanati imebaki wazi, naye anameza dawa zake kila asubuhi.

Mwezi ujao anapanga kwenda kwa mama yake mzazi kwa wiki nzima. Alipompigia simu kumwarifu, mama, aliyezoea kumwona binti yake misibani tu na kuagana naye jioni ileile, alimuuliza nani amefariki.

"Nikamwambia hakuna, Mama. Nakuja kukaa tu."