Choo Kirefu cha Baba

Vita vya Wazungu vilipokwisha, bandari ya Lindi ilitaka wapagazi, nasi tukahama kutoka kwetu Kikole. Baba alijenga nyumba ya makuti pembeni mwa mji, kwenye mchanga uliozidi kujaa nyumba kila mwezi. Wageni tulikuwa wengi mno, kila mtu alijibanza alipoweza. Kisima kilikuwa kimoja, cha bibi mwenye kiwanja, karibu kabisa na mlango wetu.

Kwetu milimani mwanamume hupimwa kwa choo chake. Choo kifupi ni aibu mbele ya wakwe. Basi baba akashika sururu, akachimba. Shimo lilipomfika kiunoni, maji yakatoka.

Bibi alikuja kutazama. Baba akamwamkia, naye akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, hapa si Kikole. Maji yako karibu."

"Ndiyo raha yenyewe, bibi. Yatachukua uchafu."

"Yaupeleke wapi?"

Baba akacheka, akaendelea kuchimba huku akichota maji na kuyamwaga nje, mpaka kichwa kikazama shimoni. Mzee wangu alikuwa mbishi, ukimwambia simama ndiyo kwanza anakimbia. Majirani, watu wa bara kama sisi, wakamsifu, nao wakachimba vyao. Hata mimi nilijivuna kwa wasichana wenzangu.

Masika ilipokolea, maji ya kisima yakapanda hadi karibu na mdomo. Asubuhi moja mama alinusa ndoo, akanitazama. Uso wake ulinitisha kuliko ile harufu. Wiki hiyohiyo mtoto wa jirani aliamka anaharisha, na alasiri tukasikia kilio. Baba alipotoka kuzika alipita kando ya choo chetu bila kukitazama.

Bwana afya akaja na kofia yake, akaamuru vyoo vyote vifukiwe na kisima kifungwe. Alisema kweli. Ila hakutuambia tukajisaidie wapi, wala tunywe nini, na kwa jinsi nyumba zilivyobanana hapakuwa na pa kuchimba pengine. Watu wakawa wanakwenda ufukweni kabla hakujapambazuka, na maji wanateka kisimani kulekule kwa kujificha. Nasi tuliteka. Hofu ikahamia ndani. Tumbo la mtu likinguruma tu, wote tunamgeukia. Baba, aliyekuwa na maneno mengi, akabaki na swali moja: "Mmeyachemsha?"

Kisha mdogo wangu, aliyeachishwa ziwa juzijuzi, naye akaanza kuharisha. Macho yalididimia, midomo ikakauka, akawa analilia maji. Niliogopa kumgusa, na niliogopa kumwacha. Mama akachota chunguni. Maji yalikuwa yamechemshwa yakapoa, lakini hakuyaamini tena. Akakaa na kikombe mkononi. Mtoto akanyoosha mkono. Baba akageukia ukutani.

Mama akanywa yeye kwanza, mafunda mawili, akashika tumbo lake, akatulia.

"Ngoja, mwanangu," akamwambia. "Ngoja kwanza tuone."