Ubishi wa Jairus Ndani ya Kompyuta

Jairus, seremala wa Bungoma, hakujijua kuwa mtu wa wivu mpaka mwaka wa 2006, mkewe Nekoye alipopata kazi Kitale. Mwajiri wake, Daud, alikuwa akiunda programu mbili za kompyuta za kupatana bei ya mahindi zenyewe, moja ikimtetea mkulima, nyingine mnunuzi. Ili zijue kubishana kama watu, Nekoye alikusanya mabishano ya kawaida, ya sokoni Myanga na ya majumbani.

Kila Ijumaa alirudi na jina moja mdomoni. Daud amesema hivi, Daud amecheka vile. Jairus alisikiliza huku akipiga randa ubao uliokwisha kulainika.

Kisha Nekoye akaanza kurudi Jumamosi. "Ati ni kazi?" jirani yao Wamalwa akamwambia Jairus. "Kila mtu anasema ni huyo Daud, bana."

Jairus alifunga karakana akaenda Kitale. Aliwakuta bega kwa bega mbele ya kompyuta, wakicheka.

"Karibu, shemeji," Daud alisema. Neno hilo lilimchoma.

Kwenye kioo cha kompyuta Jairus akasoma: "Unachelewa, simu umezima, na kila mtu anasema. Si hiyo ni dalili?" Yalikuwa maneno yake mwenyewe, aliyomwambia Nekoye chumbani kwao. Chini yake yalifuata maswali ya programu ya pili: Dalili hiyo haina maana nyingine? Wanaosema ni nani? Wamejuaje?

"Kumbe mnanicheka."

"Tumemcheka mkulima wetu wa kompyuta, amekataa bei aliyoitaja mwenyewe," Nekoye alisema. Kisha akainamisha macho. "Lakini maneno yako nilileta bila kukuuliza, Baba Ian. Hapo nimekosa. Maswali nimetunga mimi. Siku ile chumbani hukunipa nafasi ya kuyauliza. Wanaosema ni nani?"

"Wamalwa."

"Amejuaje?"

Wamalwa hakuwahi kufika Kitale.

"Futa," Jairus alisema.

Daud alimtazama Nekoye kwanza, kana kwamba ruhusa ni yake, na wivu ukampanda Jairus upya. Nekoye akayafuta maneno ya mumewe. Maswali akayaacha.

Mwaka uliofuata kazi ya Kitale iliisha, Nekoye akafungua duka la kupiga chapa Bungoma. Jairus alimtengenezea meza na rafu. Daud alipokuja siku ya ufunguzi, Jairus alimpa soda, akasimama kati yake na Nekoye mpaka mgeni alipoaga.