Uzi wa Fundi Nzabonimpa

Watu wa mtaa wetu wa Ndosho walimcheka sana Nzabonimpa kwa ajili ya ile sumaku. Aliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, akaifunga kamba, na kila asubuhi kabla ya kuanza kazi aliikokota uani, juu ya mawe yetu meusi ya volkano, kama mtu anayepeleka mbuzi malishoni. Mimi nauza makala, mkaa wa kupikia, upande wa pili wa ukuta wa mbao, kwa hiyo nilimwona kila siku, na kila siku nilimwuliza kama mbuzi wake ameshiba. Hakukasirika. Alibandua vimisumari vilivyonasa, akaninyooshea kiganja.

"Mama Charline, angalia. Kumi na kimoja, na jana nilipitisha mara mbili."

Nzabonimpa ni fundi wa viatu, na ua wa fundi wa viatu ni mahali pabaya pa kulelea mbwa wachanga. Akifanya kazi hubana vimisumari midomoni, na akiitikia salamu, viwili vitatu vinamponyoka. Mawe yetu yana vijitundu, hayafagiliki. Kuna vipande vya ngozi, kuna kole, gundi ya soli, kwenye kopo, kuna sindano. Mtoto wa mbwa naye hatambui kitu kwa macho, anakitambua kwa meno.

Ungeniuliza kwa nini mzee kama yule ajisumbue hivyo, ningekuambia ni kwa sababu ya mkewe. Walikimbia vita kutoka mji wa Kiwanja kwa miguu, yeye na Béata, na mbwa wao jike akawafuata njia yote bila kuitwa. Walipofika hapa Béata alikaa kitandani, akageuza uso ukutani, na huko akabaki. Hakupika, hakuoga mpaka alazimishwe. Binti yao Umwiza, aliyeolewa Bunia, alipopiga simu, mama alishika simu sikioni bila kusema neno. Ilikuwa hivyo miezi minne. Kisha mbwa akazaa watatu chini ya kitanda kile kile, na baada ya wiki tatu lori likamkanyaga barabarani. Watoto wakalia. Béata akashuka kitandani akawasha moto.

Tangu siku hiyo aliamka kabla ya jua, akawapikia uji wenye mchuzi wa sambaza, vile visamaki vya ziwani, akawasemesha Kinyarwanda kama watu. Akaanza kuoga. Akaanza hata kunisalimu, mimi ambaye hakujua jina langu.

"Hii bitoto ya imbwa ndiyo inamuamusha," Nzabonimpa aliniambia akiwa ameshika kiatu cha mtu. "Bikikufa, atarudilia ukuta."

Wa kwanza nilimuua mimi. Nasema wazi, maana nimechoka kulificha. Panya walikuwa wananitobolea mifuko ya makala, nikatia sumu kwenye vichwa vya sambaza, nikavisukuma chini ya ukuta. Sikumwambia mtu. Panya wawili walikufa, na mtoto wa mbwa mmoja. Nilipokwenda kuomba msamaha Béata aliendelea kukoroga uji wa wale wawili waliobaki. Wa pili alitafuna betri ya tochi iliyotupwa kwenye takataka za jirani. Ulimi ulimvimba, siku ya tatu akafa.

Akabaki mmoja, Bijou, kahawia, mwenye sikio moja lililolala. Hapo ndipo sumaku ilipoanza. Kopo la kole likapanda darini. Nzabonimpa alizunguka kwa majirani wote akiomba betri kuukuu na kuzitumbukiza chooni, akatuapisha kuhusu sumu, na mimi nikaapa mara mbili. Watu husema heri kinga kuliko tiba. Yeye aliifanya kinga kuwa kazi yake ya pili. Alimlinda Bijou kama mboni ya jicho, na nilianza kuona wivu, maana marehemu mume wangu hakunilinda hivyo.

Kitu kimoja hakukiwaza. Uzi wa viatu yeye huupaka mafuta ya ng'ombe, kama baba yake alivyomfundisha, ili upite vizuri kwenye ngozi. Sumaku haishiki uzi. Na uzi ule ulinuka nyama.

Bijou alianza kutapika siku ya Jumanne. Jumatano hakula, akasimama amekunja mgongo. Alhamisi asubuhi, Béata akiwa amekwenda kuchota maji, Nzabonimpa aliona ncha ya uzi imetokeza chini ya mkia. Aliutambua. Na mkono wake ukafanya kile ulichokifanya miaka arobaini: ukashika ncha, ukavuta polepole, bila kukata, kama anayefumua mshono. Ulikuja urefu wa shubiri moja. Bijou alilia mara moja, akanyamaza. Uzi ukakatikia ndani.

Mchana tumbo lilikuwa gumu. Tulimpeleka kwa Gentil, daktari wa wanyama, Béata na mumewe kwenye pikipiki moja, mimi kwenye nyingine nyuma yao na beseni. Gentil alimpapasa kwa muda mrefu. Alitueleza kwamba uzi hujishikiza huko juu tumboni, utumbo ukajikunja juu yake, kama kiuno cha kaptula ukikaza kamba. Ukiuvuta, unakata utumbo.

"Ungekata tu ile yenye inaonekana, unamuleta mbio. Kuko mutu alikokota hii uzi?"

Hakuna aliyemwona. Mimi nilikuwa napima makala, Béata alikuwa kisimani. Angeweza kunyamaza, na kusema kweli mimi, niliyejua kwa kumwangalia uso tu, nilitamani anyamaze. Nilimkanyaga mguu.

"Ni miye," akasema Nzabonimpa. "Nilifikiri naitosha, itoke yote."

Béata alikuwa amemshika Bijou mapajani. Hakumwangalia mumewe. Alingoja mpaka yule mdogo akaacha kuhema, jambo ambalo halikuchukua muda, akamfunika kwa kitenge chake.

"Papa Umwiza," akasema, "mukono yako ilizobelea kazi, ilifanya yenye inajua. Haukufanya vibaya."

Alisema kwa upole, na nilidhani mambo yamekwisha. Njiani aliniuliza hata bei ya makala. Nikajisemea, huyu mama ana moyo, huyu atapona.

Kesho yake sikusikia moto ukiwashwa. Nilikwenda saa tatu. Béata alikuwa kitandani, macho wazi, uso umegeukia mbao. Nzabonimpa alikuwa amekaa chini kando yake na sahani ya uji uliopoa, anasema naye Kinyarwanda, sauti ile ile ya chini, maneno yale yale niliyomsikia mkewe akiwaambia wale watoto wa mbwa asubuhi ili wale uji.