Windows ya kupigiwa ilinivunjia jina hapa Rwamgasa, Linux ikanirudishia

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi. Haya yamenikuta mwenyewe, na kuna sehemu yananiaibisha, kwa hiyo mjue sijaongeza chumvi.

Mimi ni Mama Kulwa, nina steshenari hapa Rwamgasa. Nachapa, natoa kopi, napiga passport size. Kompyuta ni moja tu, desktop ya mtumba, RAM 4GB. Hiyo ndiyo inayowalisha pacha wangu, Kulwa na Doto, maana baba yao yuko duarani, kwenye mashimo ya wachimbaji, na dhahabu haina ratiba.

Windows yangu ilikuwa ya kupigiwa, isiyolipiwa leseni. Wa huku mnaelewa. Mashine ikizingua unamwita fundi, anakuja na flashi yake, anakwambia, "Dada, zima antivirus kwanza ili crack iingie." Unazima. Anapiga Windows upya, anaondoka. Baada ya mwezi mashine inaanza tena kukohoa, unamwita tena.

Nilifanya hivyo mara nne. Mara nne jamani! Na sikujiuliza hata siku moja kwa nini mlinzi lazima atolewe getini ndipo mgeni aingie.

Sasa.

Mzee Ng'wandu, mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji wadogo, alikuja nimchapie katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao, vya kuombea leseni. Kurasa kumi na tisa, mwandiko wa katibu wao utadhani kuku kapita. Nikamaliza, nikamwekea kwenye flashi, akaondoka.

Wiki ileile fundi akanipigia Windows mara ya nne. Akafomati kila kitu, na nakala yangu ya katiba ikaenda humo humo. Nikasema si kitu, mzee anayo yake.

Haikupita muda maneno yakaanza. Eti flashi ikitoka kwa Mama Kulwa, ukiifungua unakuta shortcut tupu, faili zenyewe hazionekani. Wateja wakawa wananipita mlangoni kwenda duka la mbele, wengine hata salamu hawatoi. Iliniuma wakuu. Nililia stoo, siwafichi.

Hasira ndizo zilizonileta humu jukwaani. Nikasoma nyuzi za Linux siku tatu, nikachagua Mint. Jumamosi nikafunga duka, nikaazima laptop ya mwalimu jirani kutengenezea flashi ya kuinstall, nikafuta Windows yote.

Haikuchukua hata saa. Nikachomeka printa, ikaitambua yenyewe bila CD! Nikapiga vigelegele peke yangu, Doto akaja mbio kuuliza nani kaolewa.

Sitawadanganya kwamba ni raha tupu. GIMP, programu ya kuhariri picha, ilinitoa jasho wiki mbili, passport size za mwanzo nilikata watu vichwa. Na document za Word nyingine zinafunguka zimevurugika, unazinyoosha kwa mkono.

Basi asubuhi moja Mzee Ng'wandu akaingia na katibu wake. Hata kukaa hakukaa.

"Mama Kulwa, kesho tunatakiwa Geita na yale makaratasi. Tukikosa, eneo wanapewa wengine."

Flashi ilikuwa shortcut tupu. Daftari la mwandiko lililowa mvua. Duka la mbele walimwambia dawa ni kufomati. Kwangu alikuja mwisho, akitumaini nimebaki na nakala.

Sikuwa nayo. Na nilijua kirusi kilichogeuza faili kuwa shortcut kimetoka kwenye ile Windows yangu. Watu zaidi ya thelathini wanachimba kwenye lile eneo, wote wana familia.

Nikachomeka flashi. Folder ikafunguka. Zile shortcut zipo, zimekaa tu, kwenye Linux hazina la kufanya. Na pembeni yake faili zote! Katiba. Muhtasari. Orodha ya wanachama. Kumbe kirusi hakikufuta kitu, kilizificha tu, na Linux ikaziona kama kawaida.

"Baba, vipo! Vyote vipo!"

Katibu akashika kichwa. Mzee ndiyo kwanza akaketi kwenye benchi, akasema, "Wabeja gete, mayu." Asante sana, mama. Machozi yalinitoka.

Ningeweza kula sifa zangu kimya kimya. Nikashindwa. Nikamwambia kirusi kilitoka kwenye mashine yangu.

Akanitazama, halafu akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo umemtibu mgonjwa wako mwenyewe. Haya, toa nakala tatu, gari linatusubiri."

Makaratasi yalifika kwa wakati na leseni ilitoka. Mzee alivyo na mdomo, alitangaza kila karasha la kusagia mawe, na leo watu wanapanga mstari mlangoni kwangu na flashi zao.

Nilichojifunza: kitu kinachotaka uzime ulinzi ndipo kiingie, usikikaribishe. Na ukimkosea mteja, mwambie wewe kabla mtaa haujamwambia.

Kuna aliyepigiwa Windows mara nyingi kunizidi? Tiririkeni hapo chini. Na wataalamu wa GIMP nioneeni huruma.

Naandika huku nahudumia. Yule fundi wangu yupo kwenye foleni tangu asubuhi, flashi mkononi, anaangalia chini. Kazi zake zote zimegeuka shortcut. Ameniambia, "Dada, naomba unitangulize."

Nimemwambia akae, yeye ni wa sita.